Kufungua giaboksi na transfa ya Suzuki SJ nyumbani, vile nilivofanya barazani Kisauni

Hapa Mombasa mtu akisikia giaboksi yalia, moja kwa moja gari linavutwa mpaka gereji, anaambiwa "hii imekufa, tafuta ya ex-Japan", anatoa pesa, anafungiwa giaboksi ambayo hakuna aliyechungulia ndani yake, na miezi mitatu baadaye inalia vile vile. Mimi nshapitia hayo mara moja ikatosha. Ya pili niliifungua mwenyewe barazani, juu ya meza ya plaiwudi, na haya hapa ni vile nilivofanya pamoja na pale nilipochemsha.

Gari ni Suzuki SJ413, ile Sierra ya kizamani ya 1.3, gia tano. Kama unayo SJ410 ya gia nne mambo ni karibu yale yale, na kama ni Maruti Gypsy pia ni ukoo mmoja, spea nyingi za India zaingiana. Uzuri wa Suzuki hizi ni kwamba transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) haijashikana na giaboksi, iko peke yake katikati ya gari imebebwa na raba tatu, halafu kuna propela fupi inayounganisha hizo mbili. Kwa hivo unaweza kufungua moja ukaiacha nyingine, na hiyo ndo sababu lazma ujue kwanza ni ipi inayolia.

Kabla ya kushika spana

Washa injini, weka nyutro, achilia klachi, sikiliza. Kama kuna mlio wa kusaga na ukikanyaga klachi unanyamaza, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele ama za kauntashafti (shafti ya chini yenye gia), giaboksi yenyewe. Kama ni kinyume, yani kimya halafu ukikanyaga ndo inaanza kulia, usifungue giaboksi ya watu, hiyo ni rilisi beringi ya klachi au ile ndogo ya pailoti kwenye flaiwili. Sasa toka barabarani. Ikilia gia zote lakini ukiingia ya nne inapoa sana, hiyo ni kauntashafti, manake gia ya nne kwa hizi gari ni moja kwa moja, nguvu inaingia mbele inatokea nyuma bila kupitia gia za chini. Ikikwaruza ukiingiza ya pili au ya tatu ni ringi za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Na kama gari limesimama liko nyutro, usiisingizie transfa mlio wowote, saa hiyo transfa haizunguki kabisa.

Gia kuruka yenyewe ndo watu wanapoliwa pesa. Jirani yangu alinunua gia mbili za transfa kwa vile 4L (fowili, yani magurudumu yote manne, kwa gia ya chini) ilikua yaruka akipanda mlima, kumbe raba moja ya transfa ilikua imelainishwa na oili mpaka imekua kama halua, transfa inainuka na kupinda kila akikanyaga mafuta, gea liva inagonga bodi inajitoa. Ingia chini, ikamate transfa kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza kama jino bovu anza na raba.

Halafu soma oili. Fungua nati ya kujazia KWANZA kabla ya ile ya kumwagia, tafadhali, manake ukishamwaga oili yote halafu ukakuta ya kujazia imeganda kwa kutu utalala na gari lisilokua na oili ndani. Mwagia kwenye beseni jeupe. Uji wa kijivu laini kwenye sumaku ya nati ni kawaida, hiyo ni miaka. Vipande vinavokwaruza kidoleni kama vipande vya kucha, jino limekatika au beringi imepasuka. Vumbi linalometameta rangi ya dhahabu ni shaba ya ringi za sinkro. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ni maji, na huku kwetu hiyo ni nyingi sana: masika barabara zajaa, unapita na giaboksi ya moto kwenye maji, hewa ya ndani inapoa ghafla inasinyaa, na kama bridha (tundu la kupumulia la giaboksi) imeziba kwa matope inavuta maji kupitia kwenye sili. Yangu ilikua na yote mawili, dhahabu na maziwa.

Kuishusha

Weka gari sehemu tambarare, toa waya wa betri, kinga magurudumu mbele na nyuma kwa gogo la maana. Usisahau hilo la magurudumu, manake ukishatoa propela ya nyuma hata ukiweka gia gari haishikiki, na SJ410 nyingi za zamani hendibreki yake iko hapo hapo nyuma ya transfa, propela ikitoka nayo hendibreki imekwenda. Inua kwa jeki uweke stendi za chuma. Stendi za chuma, yakhe, si matofali ya matumbawe, hayo ya kujengea nyumba yanapasuka bila kukuambia, na si jeki peke yake.

Piga alama kwa rangi kwenye kila flanji (sahani ya bolti) ya propela na pale inapokutana ili irudi vile vile, la sivyo utapata mtetemo utafikiri umeharibu kitu. Toa propela ya mbele, ya nyuma, halafu ile fupi. Kwenye transfa kuna kebo ya spidomita na waya wa taa ya fowili, kwenye giaboksi kuna waya wa rivasi. Gea liva inatolewa kutoka ndani ya gari, vua kile kiraba, kandamiza kifuniko chini ukizungusha, inachomoka. Ziba hilo shimo kwa kitambaa hapo hapo.

Transfa itoke kwanza, mtu mmoja aliye na mgongo mzuri anaiweza. Giaboksi tafuta msaidizi na jeki yenye ubao juu. Bolti za beli hauzingi zikitoka, ivute nyuma imenyooka mpaka shafti itoke kwenye klachi, wala usiiache ikaning'inia na uzito wote uko kwenye klachi pleti, itapinda. Bolti zenyewe hazilingani urefu, mimi nilichora giaboksi kwenye boksi la katoni nikatoboa tundu kila mahali pa bolti nikaichomeka pale pale. Hiyo katoni ilinisaidia kuliko picha 90 nilizopiga kwa simu.

Kuosha na meza

Osha nje yote KABLA ya kufungua. Mafuta ya taa na brashi, si petroli, na mbali na jiko. Meza yako isiwe upande unaopigwa na upepo, kaskazi ikivuma inaleta mchanga mpaka ndani ya chai. Kufutia tumia leso kuukuu iliyofuliwa ikalainika, usitumie pamba za gereji, zile nyuzi zake zaingia kwenye beringi. Jambo lingine la pwani: chuma kilichooshwa kikakauka ukikilaza usiku mmoja hivi hivi asubuhi kina kutu, hewa yetu ni chumvi tupu. Kila kipande ukimaliza kukiosha kipake oili ya gia, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge.

Ndani ya giaboksi

Toa kile kifuniko cha mbele cha shafti, toa kesi ya nyuma, halafu kesi kubwa inagawanyika nusu mbili na shafti zote ziko mbele yako zimelala. Usiingize bisibisi kubanua kati ya nusu mbili, ukikwaruza pale oili itavuja milele, gonga pembeni kwa nyundo ya mpira itaachia.

Sasa hapa nenda pole pole. Uma za gia zinakaa kwenye vyuma vitatu, na kila chuma kina gololi na springi inayokifanya kijue gia imeingia. Ukivuta chuma bila kuziba tundu kwa kidole gololi inaruka. Yangu ya kwanza iliruka ikagonga sufuria la jirani aliyekua anakuna nazi, ikapotelea kwenye mchanga, na mtoto wake akaja na sumaku ya spika akaipata baada ya nusu saa, "ami, ndo hii?" Nilimpa hamsini yake kwa moyo mkunjufu. Baada ya hapo nilikua nafanyia kazi ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni, mikono ndani, kitu kikiruka kinabaki humo.

Na kati ya hivo vyuma kuna vijipini vidogo vya kufungiana, kazi yake ni kwamba uma mmoja ukisogea mingine ifungwe, usiweze kuingiza gia mbili kwa pamoja. Ni vidogo, vyafanana na takataka. Mimi kimoja kilibaki kwenye beseni la mafuta ya taa, nikafunga giaboksi yote, nikaizungusha kwa mkono, nikajaribu gia, ikaingia ya kwanza na ya tatu kwa wakati mmoja, shafti ikakamata kama imechomelewa. Kufungua tena yote. Kwa hivo hesabu vijipini wakati vinatoka uandike kwenye katoni.

Meni shafti unaivua kama mishikaki, saklipi, beringi, gia, ringi, habu, gia. Chukua waya mrefu na uvitunge kwa mpangilio ule ule na upande ule ule ulivyotoka. Habu na slivu zipige alama ya rangi kabla hazijaachana, zina upande wa mbele na wa nyuma, ukigeuza gia haitaingia vizuri na utalaumu ringi mpya bure.

Ringi za sinkro unazipima hivi. Futa koni ya gia iwe kavu, valisha ringi, sukuma kwa vidole gumba viwili huku unazungusha. Ringi nzima inauma, inakataa kuzunguka. Iliyokwisha inateleza tu kama bangili yenye sabuni. Halafu ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya ringi na meno madogo ya gia: mpya inakua kati ya milimita 1.0 na 1.4, ikishuka mpaka 0.5 tupa. Pitisha ukucha ndani ya ringi, ile mistari yake iwe na makali kama uzi wa bolti. Yangu ya pili na ya tatu zilikua laini kama sahani, ya nne na ya tano nzima, lakini nilibadilisha zote, sifungui tena kwa ajili ya ringi moja. Gia zenyewe usitupe kirahisi, kama meno hayana mashimo na zile ncha ndogo bado kali, hiyo gia ni bora kuliko ya giaboksi usiyoijua ilikotoka.

Beringi

Usiende dukani ukasema "nipe beringi za Suzuki". Soma namba iliyochorwa ubavuni uende nayo, hiyo namba ndo jina lake dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho mara tano ndo tundu la ndani, kwa mfano 6305 tundu lake ni milimita 25, 6206 ni 30 (kuanzia 04 kwenda juu). Ukiona NR baada ya namba, hiyo ina mfereji na pete kwa nje, na giaboksi nyingi zataka hiyo pete manake ndo inayoishikilia kwenye kesi, muuzaji akikupa isiyo na pete akakuambia "ni ile ile" rudisha. C3 ni beringi yenye nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto, kama ya zamani ni C3 nunua C3. Feki zimejaa, chunguza maandishi yasiwe ya kupaka yanayofutika kwa kidole, izungushe sikioni, na bei ikiwa robo ya duka la jirani ushajua.

Kutoa tumia pula. Kuingiza, beringi ichemshe kwenye oili, sufuria kuukuu, moto mdogo, isilale kwenye kitako cha sufuria, iache ifike kama joto la maji yanayochemka na isipite nyuzi 120. Shafti ilale friza usiku kucha (omba ruhusa kwanza, kwetu ilikaa pamoja na samaki na maneno niliyasikia). Ukiitoa ifute huo umande, beringi inateleza yenyewe mpaka mahali pake. Ikikwama gonga kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye pete ya NDANI tu, ukigonga ya nje nguvu inapitia kwenye gololi na umeiua kabla haijafanya kazi. Na usiizungushe kwa hewa ya kompresa eti usikie sauti yake.

Transfa

Hii ni rahisi kuliko giaboksi, haina sinkro wala cheni, ni gia tupu ndani ya kesi ya vipande vitatu. Kazi ngumu ni nati za flanji, zimekazwa si mchezo. Funga chuma kirefu kwenye flanji kwa bolti mbili, chuma kiegemee chini, halafu soketi na bomba refu. Fanya hivo transfa ikiwa bado kwenye gari kama unaweza.

Ndani angalia kauntashafti na beringi zake za sindano. Pitisha ukucha pale sindano zinapozunguka, ukihisi mfereji badilisha shafti na beringi pamoja, beringi mpya juu ya shafti iliyolika ni hasara. Zile washa nyembamba za pembeni zina upande na zina kimo, usizichanganye. Gololi na springi za transfa nazo nunua mpya, ni senti tu, springi iliyochoka ndo inayoruhusu 4L kuruka.

Sili zote mpya, ndani ya mdomo paka grisi. Kama flanji imechongwa mfereji pale mdomo wa sili unapokaa, ingiza sili mpya milimita moja au mbili juu ya pale pa zamani iguse chuma kizima. Wengi wanabadilisha sili mara tatu bila kuutazama huo mfereji.

Kufunga

Kila kitu kiingie kikiwa na oili. Silikoni kidogo tu, uzi mwembamba, ukimwaga kama unapaka siagi mkate ile inayofinyika ndani itakatika iende ikazibe njia za oili. Bolti kaza kwa kupishana pembe kwa pembe, kwa toki renchi na kipimo cha kitabu cha gari, kesi ni aluminiamu na uzi wake unaondoka haraka.

Kabla ya kurudisha kwenye gari fanya hesabu ya chaki. Chora mstari shafti ya mbele na flanji ya nyuma, ingiza gia ya kwanza, zungusha mbele mpaka nyuma imalize mzunguko mmoja: uwe umezungusha mara tatu na zaidi kidogo ya nusu, manake ni 3.65. Ya pili karibu mbili, ya tatu moja na kama nusu kasoro, ya nne moja kwa moja sawasawa, ya tano chini ya mzunguko mmoja. Rivasi irudi kinyume. Transfa nayo, 2H izunguke flanji ya nyuma peke yake na uhesabu 1.4, 4H zote mbili, nyutro zisizunguke, 4L zote mbili na uhesabu 2.27. Hizi namba ni za SJ413, za transfa ya SJ410 ni kubwa zaidi, 1.58 na 2.51. Hapo ndo nilipogundua kile kijipini, na bora mezani kuliko chini ya gari.

Giaboksi ikiwa chini badilisha rilisi na pailoti hata kama hazilii, na klachi pleti ukiona inakaribia ripiti. Kuiweka katikati nilitumia mpini wa ufagio niliouzungushia tepu mpaka ukabana. Wakati wa kurudisha ikibaki sentimita moja na haitaki kuingia, usivute kwa bolti, toa, nyoosha, mtu azungushe flanji ya nyuma huku gia imeingizwa ili meno ya shafti yapate klachi.

Oili ni GL-4 (daraja la oili ya gia), 75W-90 au 80W-90. Muuzaji atakuambia GL-5 ni kubwa zaidi kwa hivo ni bora, mwambie hapana, dawa za ndani ya GL-5 nyingi zinaweza kula shaba na ringi zako ni za shaba. Giaboksi inakunywa lita 1.3, transfa 0.8, gari likiwa tambarare, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Siku ya kwanza nenda mwendo wa pole, mimi nilikwenda Mtwapa nikarudi, siku ya pili nikalipandisha Mazeras kusikia linavyobeba. Fowili usijaribu kwenye lami kavu, transfa hii haina difu ya katikati, inajikaza na liva inakataa kutoka utafikiri umefunga vibaya, tafuta barabara ya mchanga, na ikikamata rudi rivasi mita chache itaachia. Lilaze juu ya katoni usiku, asubuhi uone matone yametoka wapi. Baada ya kama kilomita 500 mwaga oili, itakua na shaba kidogo ya ringi mpya zikijikalisha, weka nyingine.

Na bridha, kabla hujanawa mikono: chomeka paipu ya mafuta kwenye zote mbili, ipandishe mpaka juu kwenye injini karibu na kichungi cha hewa, mdomo uangalie chini, funga na klipu. Masika yaliyofuata nilipita maji yaliyofika kwenye hatua ya mlango, nikafungua nati jioni hiyo hiyo kwa wasiwasi, oili ikatoka safi rangi ya asali.